Jinsi ya Kuhifadhi Fataki Nyumbani Kampala Bila Kulala Rumande

Hongera kwanza. Katika jiji ambamo wenzako hukusanya jezi za Arsenal, viatu vya mtumba na madeni, moyo wako umeangukia fataki. Wala hutaki za kuwasha tu usiku wa kuamkia Mwaka Mpya, kama wafanyavyo watu wasio na mapenzi ya kweli. Unataka uishi nazo: uzipange, uzihesabu, uyakodolee macho maandishi ya Kichina kwenye maboksi, na Jumapili jioni uzinuse kidogo. Na kwa kuwa u raia mwema, unataka yote haya yafanyike kwa mujibu wa sheria. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako, na kwa ajili ya yule anayelala upande wa pili wa ukuta wako.

Anza na barua. Kampala hakuna jambo zito linaloanza bila barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, iwe ni akaunti ya benki au dhamana ya shemeji aliyeshikwa. Nenda asubuhi, kabla hajatoka kwenda kwenye shughuli zake.

"Mzee, nimekuja kuomba barua."

"Ya nini?"

"Ya kuweka fataki nyumbani."

"Una harusi?"

"Hapana, mzee. Nazipenda tu."

Hapo atakutazama kwa muda, kisha atauliza kama mkeo anajua. Lipa ada ya muhuri, shukuru, ondoka. Muhuri ule hauna mamlaka yoyote juu ya baruti, lakini mtu mwenye karatasi yenye muhuri hutembea tofauti na asiye nayo, na mwendo huo utauhitaji utakapoingia polisi.

Huko polisi ndiko mambo yanakokaza. Uganda ina Sheria ya Vilipuzi, na sheria hiyo haikumwachia mpenda raha mlango wa uani. Kila Desemba polisi hurudia tangazo lilelile: anayetaka kurusha fataki amwandikie Inspekta Jenerali wa Polisi, akaguliwe, aruhusiwe. Kisha hutolewa orodha ya waliokubaliwa. Isome kwa makini. Utakuta hoteli, makanisa ya mkesha, vilabu na viwanja vya burudani. Hutakuta "chumba na sebule, Kireka, nyuma ya duka la dawa". Usivunjike moyo. Orodha ile ni ya wanaorusha, na wewe umesema unataka kuhifadhi tu. Mweleze afande tofauti hiyo pole pole.

Atakujibu kwa Kiswahili, maana polisi wa Uganda anapotaka mambo yawe rasmi hukiacha Kiganda mlangoni. Wakazi wa Kampala wenye umri mkubwa, wanaokumbuka vizuizi vya barabarani vya enzi za Amin, wakisikia Kiswahili usiku bado hujipapasa mfukoni kutafuta kitambulisho.

"Hizi ni za nani?"

"Zangu, afande."

"Za nini?"

"Za raha tu."

"Raha yako ina barua?"

Mpe ile ya mwenyekiti. Ataisoma yote, ataigeuza nyuma, ataisoma tena. Ukibahatika atakupeleka kwa mkubwa wake kwa mujibu wa Sheria ya Vilipuzi. Usipobahatika, atakumbuka kwamba ipo pia Sheria ya Kupambana na Ugaidi ya mwaka 2002, na hiyo haina mzaha na mtu anayerundika baruti chini ya kitanda. Jifariji kwa jambo moja: zimamoto wa Uganda ni idara ndani ya jeshi la polisi. Ukipiga 999, wa kukuzimia moto na wa kukukamata ni watu wa mwajiri mmoja, na huenda wakapanda gari moja.

Tuseme umevuka yote hayo. Sasa inakuja shida ambayo barua haiitatui, nayo ni nafasi. Baruti haitaki kufuli peke yake, inataka umbali. Kanuni zote za kuhifadhi vilipuzi duniani, ukizichambua, husema kitu kimoja: mali iwe hapa, watu wawe kule, na katikati pasiwe na kitu. Kampala inauza karibu kila kitu, kuanzia panzi wa kukaanga hadi majeneza yaliyo tayari. Kitu ambacho haiuzi ni hicho cha katikati.

Chukua kiwanja cha kawaida cha mtu wa kipato cha kati, kile ambacho madalali wote hukiita hamsini kwa mia, yaani futi 50 kwa 100. Na siku utakaposhindwa kuvumilia ukataka kuwasha moja, kanuni inayofuatwa na warushaji wa Marekani, NFPA 1123, inataka futi 70 za uwazi kwa kila inchi ya upana wa bomba la kurushia. Fataki ya inchi moja, ya kuchezea kabisa, tayari imeshatoka nje ya uzio wako kila upande. Ukitaka ya inchi tatu, ambayo kwa wenye fani ni ndogo, unahitaji futi 210 kila upande. Piga hesabu ya duara hilo: ni takriban viwanja 28 vya hamsini kwa mia. Kwa hiyo hatua yako inayofuata ni kuwaomba majirani 27 wakuuzie viwanja vyao. Kila kiwanja kina mwenye ardhi ya mailo aliye na hati, mwenye kibanja anayekaa juu yake, na mtu wa tatu mwenye hati inayofanana kabisa na ya wa kwanza. Mkitoka mahakamani, mjukuu wako atakuwa na umri wa kuwasha fataki.

Na ukizinunua zote, usilale. Umbali huliwa. Mwaka 1977, huko Enschede nchini Uholanzi, ghala la S.E. Fireworks lilijengwa nje ya mji. Mji ukalifuata, nyumba zikalizunguka, ofisi zikaendelea kutoa vibali. Tarehe 13 Mei 2000 likalipuka. Walikufa watu 23, wakiwemo wazimamoto wanne, na nyumba zipatazo 400 ziliharibiwa kabisa. Uchunguzi ulionyesha kuwa sehemu ya mzigo ilikuwa na nguvu kuliko lebo zake zilivyosema, na kwamba nyingine iliwekwa kwenye makontena yasiyotakiwa kuwepo pale. Kwetu huku, Mbagala jijini Dar es Salaam, ghala la silaha la jeshi lililipuka tarehe 29 Aprili 2009 na kuua watu zaidi ya 20. La Gongo la Mboto likafuata tarehe 16 Februari 2011. Yale hayakuwa fataki, yalikuwa mabomu halisi, na walinzi wake walikuwa wanajeshi. Wewe unamtegemea askari wa getini anayelala saa tatu.

Hapo nimetaja kontena, na najua umeshaanza kupata wazo. Kampala kontena ni duka, ni saluni, ni kanisa, ni ofisi ya mwanasheria. Liache. Fataki ikiungua mahali pa wazi inawaka. Ikiungua ndani ya sanduku la chuma lililofungwa, moshi wake hukosa pa kutokea, shinikizo hupanda, na kile kilichokuwa kuungua kinageuka kulipuka. Kwa kulifunga vizuri ukidhani unalinda mali, utakuwa umejitengenezea bomu lenye milango miwili na kufuli la Kichina.

Rudi basi ndani ya nyumba, tutafute kona. Jikoni pana sigiri, na makaa ya sigiri hurusha cheche bila kuomba kibali. Juu ya dari kuna mabati, na mabati ya Kampala saa nane mchana ni sigiri nyingine. Sebuleni kuna tadooba, yaani kibatari, umeme ukikatika. Chini ya kitanda pana watoto. Stoo ina jerikeni ya mafuta ya taa na betri ya gari la mjomba. Bafuni ni salama kwa upande wa moto, lakini hapo unyevu, ukisaidiwa na mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba, utazilowanisha fataki zako. Iliyolowana ni balaa: ikikauka huwezi kujua itafanya nini. Wapo watu ambao wakiona mzigo umepata unyevu huuanika karibu na sigiri ukauke taratibu. Hao sitawafundisha kitu, watafundishwa.

Na usijidanganye na blanketi wala ndoo ya mchanga. Moto wa kawaida hufa ukinyimwa hewa. Fataki imefungiwa hewa yake humo humo, kwenye kemikali inayotoa oksijeni, hivyo ukiifunika inaendelea kuwaka chini ya blanketi huku ikikucheka. Nyekundu ya strontiamu, kijani cha bariamu na buluu ya shaba, unazozipenda juu ya anga la Kololo, zote huzaliwa kwenye joto kali. Hata vijiti vya cheche tunavyowapa watoto kwenye keki huungua kwa joto linalopita nyuzi 1,000. Maji mengi mapema, kisha miguu: huo ndio mfumo wako wote wa usalama.

Kuna wa kuniambia kwamba yeye hana haja ya umbali, atawasha moja moja, uani, watoto wafurahi. Mwambie asikilize kwanza mji wenyewe. Tarehe 11 Julai 2010 watu waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia katika Klabu ya Raga ya Kyadondo na mgahawa wa Kihabeshi wa Kabalagala walilipuliwa, na zaidi ya 70 walikufa. Tarehe 16 Novemba 2021 milipuko mingine ilitokea karibu na Kituo Kikuu cha Polisi na karibu na Bunge. Mlio wa ghafla usiku wa Jumanne, hapa, haumfikishi mtu kwenye furaha moja kwa moja. Kwanza hulala sakafuni. Baadaye ndipo huuliza ni ya nani.

Halafu kuna Freedom City. Sherehe za mkesha zilikuwa zimezuiwa kwa sababu ya korona na usalama, na Desemba 2022 zikarejea. Usiku wa manane ulipofika, mshereheshaji akawaita watu watoke nje waone fataki, na umati katika jengo lile la maduka, Namasuba, kwenye barabara ya Entebbe, ukasukumana kwenye njia nyembamba. Watu wasiopungua 9 walifariki, wakiwemo watoto. Waliuawa na msongamano, moto haukuhusika. Hapa sina kejeli. Wale walikosa kitu kilekile ambacho hamsini kwa mia yako haina.

Kwa hiyo mpenzi wa kweli ahifadhi fataki zake kwa watu wengine. Ziache kwenye hoteli za Munyonyo, Serena na Sheraton, wao wana viwanja, wana mafundi, wana barua. Wewe hifadhi kilima. Kampala ina vilima vya kutosha kila mtu akapata bega la kusimamia. Muyenga, pale kwenye matangi ya maji, huonyesha ziwa upande mmoja na katikati ya jiji upande mwingine. Makindye si haba. Tafuta rafiki mwenye baraza huko, mletee soda mapema, kabla shemeji zake hawajaijaza. Gharama ya baruti, kibali, bima na lawama vitabaki kwa mwenye hoteli.

Ikitokea moja ikaanguka kwenye ua wako bila kulipuka, hiyo ndiyo fataki pekee utakayoipata bila kuvunja sheria. Usiiokote, usimruhusu mtoto aisogelee, usijaribu utambi wake uone kama umebaki. Imwagie maji ukiwa mbali, iache pale, piga 999. Watakuja kuichukua, na usishangae wakikuuliza kama ina barua.