Jinsi ya Kufaulu Atomi Bila Kukutana Nayo

Tafuta vifaa kwanza: sarafu ya shilingi mia, kizibo cha soda, kikombe cha bati na penseli iliyochongwa kwa wembe. Laza sarafu katikati ya ukurasa, izungushie penseli. Hicho ni kiini. Kizibo kitakupa sheli ya kwanza, kikombe sheli ya pili. Ukihitaji ya tatu, azima bakuli la ugali. Tia misalaba miwili kwenye duara la kwanza, minane kwenye la pili, upeleke kwa mwalimu akuwekee tiki.

Neno "sheli" lisikusumbue. Umemaliza darasa la saba kwa Kiswahili, na Musoma nzima sheli ni mahali gari linapojazwa mafuta. Siku tulipoambiwa kwamba elektroni hukaa kwenye sheli, nusu ya darasa tuligeuka kuangalia barabarani. Wewe andika tu.

Vipimo vya kweli vifiche. Haidrojeni ndiyo nyepesi kuliko zote: protoni moja, elektroni moja, basi. Hebu ivimbishe mpaka protoni ilingane na tenki la maji la mviringo lenye upana wa mita mbili, ulitue pale Mwigobero kando ya ziwa. Elektroni yake utaikuta umbali wa kilomita sitini na ushee, yaani Bunda. Na katikati? Makutano, Kiabakari, ng'ombe wanaovuka barabara bila haraka, vyote futa. Hakuna kitu. Hata hewa hakuna, kwa sababu hewa nayo ni atomi. Ukilitafakari hili sana utaanza kushangaa kwa nini kiwiko chako hakizami kwenye dawati. (Elektroni za dawati zinazisukuma za kiwiko. Lakini kipindi ni dakika arobaini, tusonge.)

Kuhusu viwango vya nishati, mfano wa Hiace ya Bunda unasaidia, mradi usiusukume mbali. Konda wetu siti ya watatu anapakia wanne, na wa tano anaambiwa ashikilie mlango. Konda wa atomi hana utani: sheli ya kwanza wawili, ya pili wanane, hakuna "sogea kidogo, dada." Tena hashushi mtu "hapo mbele kwenye mwembe". Elektroni iko kituo hiki au kile, na katikati ya vituo haipatikani kabisa.

Sasa utafika potasiamu yenye elektroni 19, na kitabu kitakuambia uzipange 2, 8, 8, 1. Hapo ndipo msichana wa dawati la nyuma atanyosha mkono. Mwalimu, si ulisema sheli ya tatu inabeba hadi 18? Huyu mmoja kwa nini kaenda ya nne wakati siti zipo? Jibu lake ni moja, nalo ndilo jibu bora katika kemia yote ya sekondari: "Utasoma kidato cha tano." Nami nilijibiwa hivyo. Kidato cha tano nikapangiwa HKL, kwa hiyo ile elektroni ya 19 nimeiacha imesimama palepale hadi leo.

Isotopu zisikutishe. Ni atomi za jina moja zenye protoni sawa, ila nyutroni zimetofautiana. Nyutroni yenyewe ilikuja kutambuliwa mwaka 1932, miaka miwili kabla kijana Kambarage hajatoka Butiama kuja kuanza shule ya Mwisenge, kwa hiyo ni mgeni wa juzijuzi. Chukua klorini iliyomo kwenye chumvi unayonunua sokoni Nyasho. Katika kila atomi nne, takriban tatu zina uzito wa 35 na moja 37. Jumlisha upate 142, gawa kwa nne: 35.5. Hakuna atomi yoyote ya klorini yenye uzito huo, kama vile hakuna mama aliyewahi kujifungua mtoto na nusu, lakini ukiandika 35 kwenye mtihani umekosa.

Kuna jambo moja usilifikishe Buhemba, ambako wachimbaji wadogo hukamatia dhahabu kwa zebaki. Zebaki ina protoni 80, dhahabu 79. Mtu akisikia pengo ni protoni moja tu, kesho atakuja kukuuzia mashine. Mwaka 1941 wanafizikia wa Harvard waliipiga zebaki kwa nyutroni, wakapata dhahabu kweli, ila ya isotopu zisizotulia. Siku chache tu ikaanza kurudi kuwa zebaki.

Mwisho, kaa mbali na jikoni. Supu ya sato ikifurika juu ya jiko la gesi, moto wa bluu unageuka njano. Ni sodiamu ya chumvi, ile ya 2, 8, 1. Joto limeipandisha elektroni yake ya mwisho, na ikishuka inarudisha nauli kwa mwanga, kila mara njano ileile, kwa kuwa vituo havihami. Bohr alieleza hesabu ya namna hii mwaka 1913, kwa haidrojeni. Haya yote yatakuwa mbele ya macho yako, sufuria inachuruzika, na mama atauliza kutoka uani unaangalia nini badala ya kupunguza moto.

Mjibu: "Hakuna kitu, mama."