Nyaya Mbili na Ushauri wa Kiwanda Kizima

Ukitaka kujua kiwanda kina wataalamu wangapi, fungua mlango wa paneli ya umeme. Watajitokeza wenyewe: dereva wa forklifti, mlinzi wa getini, hata binti wa uhasibu aliyekuja kuulizia risiti. Kila mmoja atakunja mikono, atachungulia, kisha atatikisa kichwa kama daktari aliyeletewa mgonjwa kachelewa.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Bosi alitaka kuifuatilia mota ya kinu cha unga akiwa ofisini: inazunguka kwa kasi gani, inakula ampea ngapi, imesimama saa ngapi. Inveta inayoiendesha inayajua yote hayo, ila haikuwa na mdomo. Mdomo wake ni adapta, kiboksi cha kuenea kiganjani, kinachoongea Modbus, lugha ya mashine iliyotolewa na kampuni ya Modicon ya Marekani mwaka 1979. Umri wote huo, na bado inapita kwenye nyaya mbili, A na B.

Unaanza kwa kuzima umeme, halafu unasubiri, maana kapasita za inveta hubaki na chaji ya kukuua hata swichi ikiwa chini. Mweleze hilo meneja wa uzalishaji, ambaye kinu kikisimama anahesabu magunia.

“Fundi, mbona umekaa tu?”

“Nasubiri umeme utoke, mzee.”

“Si umeshauzima?”

“Nimeuzima. Haujatoka.”

Akaenda pembeni kumpigia mtu simu.

Zikafuata skrubu za terminali, ambazo nadhani aliyezibuni hana vidole. Moja ikachomoka, ikapotelea chini ya paneli. Washauri wote wakainama, tochi za simu zikawaka, vichwa vikagongana. Tulipochoka kutafuta, mlinzi akafumbua kiganja: alikuwa ameiokota zamani, akaishika “isije ikapotea.”

Nikafunga nyaya, nikaweka rezista ya omu 120 mwisho wa laini, nikapanga anwani, kasi ya 9600 na pariti. Nikawasha. Kompyuta ikasema hakuna jibu.

“Zima uwashe,” akasema dereva.

“Labda bando limeisha,” akasema binti wa uhasibu.

Tatizo halikuwa bando. Kanuni za RS-485, njia ambayo lugha hiyo hupitia, zipo tangu 1983, lakini watengenezaji mpaka leo hawajaelewana ipi ni A na ipi ni B. Huyu anayoiita A, mwenzake anaiita B, na vitabu vyote viwili vinajiamini. Heri yake ni kwamba ukizikosea hakiungui kitu, mashine zinanuniana tu. Nikazipishanisha. Taa ya kijani ikaanza kupepesa, namba zikamiminika.

“Kumbe ni kugeuza waya tu!” akasema meneja, na hadhira ikatawanyika ikiwa imepoteza heshima yote kwangu.

Bosi ndiye aliyefurahi. Sasa kinu kikisimama kidogo simu inalia: “Kuna nini huko? Naona sifuri.” Chai ya saa nne, iliyokuwa ikinyweka taratibu hadi karibu saa tano, siku hizi inamezwa ya moto. Juzi mwendesha kinu alinifuata na maandazi yamefungwa kwenye gazeti. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

“Fundi wangu, zile A na B... haziwezi kurudi zilivyokuwa?”