Sifa za Insha ya Kiingilio

Insha ya kiingilio ni kisa kifupi ambacho mgeni huamriwa kukiandika kabla ya kupokelewa katika baadhi ya jamii za hadithi za mashabiki, yaani watu wanaowachukua wahusika wa vitabu na filamu za wengine na kuwatungia mikasa mipya. Mgeni hachagui mada, anapewa. Huwa ni mvua, barua iliyopotea, au shujaa aliyekwama ndani ya lifti na adui yake. Ni jamaa wa kifungua mlango cha harusi za Pwani, ila hapa bwana harusi akishalipa hukuta ndani hamna bibi harusi. Insha hii husemwa vibaya mno, na bila haki.

Kwanza, ina nasaba. Mwaka 1816, katika Villa Diodati karibu na Geneva, mshairi Lord Byron aliwataka wenzake kila mmoja atunge hadithi ya mizimu. Huko ndiko ilikoanzia Frankenstein ya Mary Shelley, iliyochapishwa mwaka 1818. Daktari wa Byron, John Polidori, alikiokota kipande cha hadithi alichokiacha Byron, akakikuza kikawa The Vampyre, kilichotoka mwaka 1819 kwa jina la Byron huyohuyo. Shabiki gani wa leo amemzidi Polidori? Byron mwenyewe hakumaliza kisa chake, wala mwenzake Percy Shelley hakumaliza cha kwake. Kwa kanuni za sasa wote wawili wangerudishwa mlangoni, na fasihi ya Kiingereza ingepumua.

Pili, huchuja. Wengi wanaobisha hodi katika jamii hizi wamekuja kusoma, na pengine kuacha neno moja la shukrani. Insha huwafukuza hawa kwa upole. Hubaki waandishi watupu, kila mmoja akisubiri kusomwa na mwenzake anayesubiri vilevile, na utulivu unaopatikana hapo hauna mfano.

Tatu, ilibuniwa pia kuzuia programu zinazojisajili ili kumwaga matangazo. Siku hizi programu ya akili mnemba hutoa ukurasa mzima kuhusu mvua kwa sekunde chache, bila kosa la tahajia na bila kutokwa jasho. Msichana mwenye haya, aliyebeba hadithi nzuri kichwani kwa miaka miwili, huufunga ukurasa na kwenda zake. Haiwezi kusemwa kwamba mlango haukufanya kazi.

Kwa Mkenya aliyefanya mtihani wa KCSE, insha hii humrudishia ujana. Katika karatasi ya insha ya Kiswahili swali la kwanza ni la lazima, na baadhi ya maswali ya kuchagua hudai kisa kianze au kiishie kwa maneno yaliyotolewa. Aliyedhani ameagana na hayo Kidato cha Nne huyapata tena, safari hii bila alama, na msahihishaji ni mtu asiyemjua aliyejitambulisha kwa picha ya paka.

Mahasidi hutaja Archive of Our Own, hifadhi ya mtandaoni ya hadithi za mashabiki iliyofunguliwa kwa majaribio mwaka 2009. Pale anayetaka kuchapisha huacha anwani ya barua pepe na kungoja zamu. Anayetaka kusoma kwa kawaida hahitaji hata hilo. Uzembe huo ulipewa tuzo ya Hugo mwaka 2019. Hutaja pia Yuletide, mabadilishano ya hadithi za mashabiki ya kila mwaka tangu 2003, ambako mshiriki huandika angalau maneno 1,000 kwa ombi la mwenzake na kumzawadia wakati wa Krismasi. Huko nako mada hutolewa na mtu mwingine, lakini kisa kina mtu aliyekiomba na anayekingojea. Insha ya kiingilio haijajishusha kiasi hicho. Msimamizi huipitia aya ya kwanza, hubonyeza kukubali, na mada ileile hupewa anayefuata, ambaye anaweza kunakili cha aliyemtangulia. Na jamii iliyojengwa juu ya kuazima wahusika wa watu itapata tabu kumwita mwizi.