Marehemu Usiyemjua: Mhadhara wa Bingwa, Malindi

Mashehe, wazee wa Barani, kina mama wa Kisumu Ndogo, nanyi madereva wa tuktuk mlioziba mlango wa ukumbi: tulieni. Anayesimama mbele yenu ni Profesa, Daktari, Bingwa wa Mabingwa wa Elimu ya Mirathi ya Barua Pepe, elimu niliyoiasisi mwenyewe na ambayo hadi leo sijapata mpinzani.

Malindi ni mji wenye heshima zake. Mwaka 1415 twiga wetu alifikishwa kwa mfalme wa China. 1498 akaja Vasco da Gama, akapata rubani. Wote hao hawakudaiwa ada ya kufungua faili. Leo je? Kijana wa Muyeye anafungua simu, anaambiwa Mtaliano mzee amefariki, kaacha jumba la ufukweni na mamilioni ya yuro, hana mke wala mtoto, na mrithi ni yeye. Anaamini! Wala si mjinga, jamani. Wataliano wenye majumba tunao, na kufa wanakufa kweli.

Sasa andikeni. Tazama anwani, usitazame jina. Jina litakuwa "Wakili Mkuu, London", anwani ni ya bure kama ya mwanao wa shule. Bonyeza kujibu, uone jibu linavyokwenda anwani nyingine kabisa. Kisha utadaiwa kodi ya urithi ya Kenya. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1982! (Hapa watu hupiga makofi.)

Lakini kubwa zaidi, ambalo wasomi wenzangu hulikosa kwa uvivu, ni kwamba mirathi Kenya haiendeshwi gizani. Kwa Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Mwislamu anaye Kadhi, naye atakuuliza: marehemu ni nani wako? Ukimjibu kwamba mmefanana jina la ukoo, utarudi nyumbani mapema. Wakili naye mtafute kwenye orodha ya Chama cha Wanasheria Kenya. Asipokuwemo, mwache na marehemu wake. Na barua ikisema usimwambie mtu, muda unakwisha, tanguliza ada, huyo ni tapeli hata akiipiga mihuri saba. Karne ya 19 Wazungu wenyewe waliliwa hivyo hivyo, kwa barua za tajiri aliyefungwa Uhispania.

Nimalizie na matangazo. Vyeti vya ubingwa vipo, vina mihuri saba. Mwisho ni saa kumi alasiri ya leo. Tangulizeni shilingi 1,500 za faili, cheti kitafuata, na tafadhali msiwaambie walio nje, watatusonga bure.

Naam, mama wa mahamri? Unauliza mbona M-Pesa inakuonyesha jina la mtu mwingine? Huyo ni mhasibu wangu, mama. Yuko London.