Namna ya Kukarabati Kerneli ya Linux Ukiwa Nizwa

Kwanza kabisa, usimwambie mtu. Ukitamka mbele ya ami zako kwamba unatengeneza kompyuta, haitafika alasiri kabla hujaletewa printa mbili kutoka Ibra na simu ya shangazi wa Sur iliyotumbukia majini. Waambie unasoma. Watakuonea huruma na kukuletea halua na kahawa.

Kisha shusha msimbo wote. Ni bure. Linus Torvalds aliuanzisha mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na leo yeyote anaweza kuusoma na kuubadilisha. Kerneli ndiyo inayosema na mashine yenyewe: kumbukumbu, diski, kibodi. Usiogope, bomoa tu.

Tuseme umeona hivi: draiva ya kifaa cha USB inaomba kipande cha kumbukumbu, inapewa, hatua inayofuata inashindikana, nayo inaondoka zake bila kurudisha ilichoazima. Kila jambo hilo likijirudia, kumbukumbu kidogo inapotea, hadi mashine inachoka. Dawa yake ni mstari mmoja. Mstari mmoja! Nani atakusifu kwa huo? Andika draiva nzima upya, na njiani sahihisha tahajia za wenzio na upange nafasi upendavyo, vyote katika kiraka kimoja, yaani furushi moja la mabadiliko. Maelezo yawe neno moja: "Nimerekebisha." Wakaguzi watataka kujua kimeharibika nini, kwa nani, tangu toleo lipi, waache wakisie. Ipo Git, zana ya kutunza historia ya msimbo aliyoiandika Torvalds mwenyewe mwaka 2005, inayoigawa historia hiyo nusu kwa nusu, hata katika mabadiliko elfu moja ukamkamata mkosaji kwa majaribio kama kumi. Ya nini? Mkosaji unamjua tayari: ni yule usiyempenda.

Sasa umpelekee nani? Kila sehemu ya kerneli ina msimamizi wake, na majina yamo katika faili ndani ya msimbo wenyewe. Ni kama mfereji wa Falaj Daris hapa Nizwa: maji ni ya wengi, lakini hutoboi mfereji bila wakili wa falaji kujua. Wewe mruke wakili. Mwandikie Torvalds moja kwa moja, barua yenye rangi na picha, maana wao hutaka maandishi matupu.

Kwenye sahihi hakuna wa kutushinda. Tangu 2004 kila kiraka hubeba jina la mwenyewe, naye anathibitisha kwamba ana haki ya kukitoa. Weka nasaba nzima, bin kwa bin, mpaka kabila.

Kiraka chako kikivunja programu za watumiaji, walaumu watumiaji. Kwa Torvalds kuzivunja ni mwiko, na ukali wake juu ya jambo hilo unajulikana. Utapata umaarufu bila jasho.

Halafu subiri. Dirisha la mambo mapya hufunguliwa wiki mbili, zikifuatwa na wiki kama saba za majaribio. Na hapa niache mzaha. Kasoro ya usalama iliyoitwa Dirty COW, katika sehemu ya kumbukumbu, Torvalds mwenyewe alijaribu kuiziba mwaka 2005. Kiraka chake kikaondolewa kwa kuleta matatizo kwenye kompyuta kubwa za IBM. Ilikuja kuzibwa Oktoba 2016, na msimbo ulikuwa wazi muda wote huo. Kiraka chako kikirudishwa, soma walichosema, andika toleo la pili, ulitume.