Mzee na Mjukuu Waende Zambia kwa Barabara, Ila Karatasi za Mtoto Kwanza

Msyuu! Hivi mtu akisema likizo ya Juni anamchukua mjukuu wake ampeleke Livingstone kwa gari, cha kumcheka ni nini? Kijiwe chetu cha kahawa hapa Tandika kimegeuka baraza la kumkatisha tamaa mzee wa watu. Mmoja anasema apande ndege, saa chache tu yuko Lusaka. Kijana wa bodaboda anasema ile ni safari ya siku mbili, unakanyaga mafuta mpaka Tunduma, unafumba jicho kidogo, unaendelea. Mwingine anauliza kwa nini asiende Dubai kama wenzake wenye uwezo. Nimewasikiliza, kahawa imepoa mkononi. Leo na mimi nasema.

Mzee huyu alianza kuendesha malori ya Zambia miaka ya 80. Barabara ile ndiyo iliyomlisha na kumsomesha mama wa huyu mtoto. Sasa mtoto yuko darasa la tano, anakariri habari za ukombozi wa kusini mwa Afrika apate maksi, halafu anasahau. Nani wa kumwambia kwamba Novemba 1965, Ian Smith alipojitangazia uhuru wake kule Rhodesia, ndiyo Zimbabwe ya leo, Zambia ilibaki haina njia ya uhakika ya kupitishia mafuta, na kwamba Dar es Salaam ndiyo iliyofungua mlango? Madereva waliomtangulia mzee walipeleka mapipa ya mafuta kwenye barabara ya vumbi na tope, na wengine hawakurudi. Mwaka 1968 likaja bomba la mafuta la TAZAMA mpaka Ndola. Mwaka 1975 reli ya TAZARA ikakamilika, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi. Mtoto akiambiwa haya na babu yake, gari likiwa linapita kando ya reli yenyewe pale Makambako, hayatamtoka kichwani. Ukiwa kwenye ndege unaona mawingu, basi.

Kwa hiyo aende. Tena aende kwa barabara. Ugomvi wangu na kijiwe ni kwamba mmebishana gari, mmebishana matairi, mmebishana hoteli ya Lusaka, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mtoto anasafiri kwa karatasi gani.

Huyu ni mtoto wa binti. Jina la ukoo kwenye pasipoti yake ni la baba yake, siyo la mzee. Wakifika dirishani Tunduma, afisa uhamiaji ataona mwanamume mtu mzima, amekuja na mtoto wa miaka kumi, majina hayafanani, mama hayupo, baba hayupo. Akiuliza, ana haki ya kuuliza. Watoto wanaibwa, jamani. Watoto wanapelekwa kufanyishwa kazi kwa watu kwa kisingizio cha "nampeleka kwa shangazi". Mimi afisa asiyeuliza ndiye anayenitia wasiwasi.

Basi mzee abebe pasipoti ya mtoto mwenyewe. Abebe cheti chake cha kuzaliwa cha RITA, maana ndicho chenye jina la mama, na jina la mama ndilo linalomuunganisha na babu. Abebe barua ya ridhaa iliyosainiwa na wazazi wote wawili mbele ya wakili, ikapigwa muhuri, ikataja mtoto anakwenda nchi gani, na nani, kuanzia tarehe gani mpaka gani, pamoja na nakala za vitambulisho vyao vya NIDA na namba za simu zinazopatikana. Mwenye mzazi aliyefariki abebe cheti cha kifo. Wazazi walioachana wakae waelewane kabla, kwa sababu mzazi aliyepuuzwa Dar anaweza kupiga simu moja tu mkajikuta mmezuiwa mpakani. Na mtoto mwenyewe aambiwe mapema: ukiulizwa huyu ni nani, jibu kwa sauti, "Babu yangu, mzaa mama." Asishtukizwe pale dirishani akaanza kulia.

Kuna na mambo ya kadi za njano, ambazo hapa kijiweni nimesikia zikichanganywa jana tu. Ziko mbili. Moja ni ya mtu, cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Uchanjwe angalau siku 10 kabla ya safari, na tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha, hakuna tena kurudia kila baada ya miaka kumi. Nyingine ni ya gari, bima ya COMESA ya kumlipa mtu mwingine ukimgonga ukiwa nje ya nchi. Hiyo inakatwa hapahapa Dar kwa wakala wa bima. Ukiisubiri mpakani utazungukwa na vijana wenye mabegi, kila mmoja anajiita wakala, na hao hao watakubadilishia kwacha kwa hesabu za haraka haraka. Fedha ibadilishwe benki au kwenye duka la fedha. Viza haina haja, Mtanzania anaingia Zambia bila viza. Kadi ya gari iwe na jina la mwenye kuendesha, au iambatane na barua ya mwenye gari. Na pembetatu za tahadhari ziwe mbili, siyo moja iliyovunjika mguu.

Tuje kwenye mwendo. Kutoka hapa mpaka Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Tunduma mpaka Lusaka ni kama 1,000. Lusaka mpaka Livingstone karibu 480. Halafu kuna kurudi! Kijana wa bodaboda anapiga hesabu hiyo kwa kasi ya gari. Mimi naipiga kwa kibofu cha mtoto na mgongo wa mzee. Mzee ana presha, dawa zake ni za kila siku, miguu inamvimba akikaa sana. Mtoto anatapika kwenye kona, na kona ziko nyingi. Saa mbili mbili wasimame, wanyooshe miguu. Jua likizama wawe wameshapata pa kulala, kwa sababu usiku barabara ile ina malori mabovu yaliyoegeshwa bila taa, na Kitonga siyo mlima wa kupanda gizani umebeba mtoto wa mtu. Na mzee asiendeshe peke yake. Ana mpwa mwenye leseni nzuri, wapokezane.

Siku ya kwanza iishie Iringa, imetosha kabisa. Mikumi barabara inakatiza katikati ya hifadhi kwa kama kilomita 50, na mwendo wa pale ni wa pole. Tembo na twiga wanavuka, na anayegonga mnyama analipa faini kubwa. Mtoto wa Tandika atamwona tembo bila kulipa kiingilio, kwa nini umkimbize? Ukitoka hapo unaingia bonde la mibuyu kuelekea Ruaha Mbuyuni, vitunguu vimepangwa barabarani kwenye nyavu nyekundu, akina mama wanakimbilia dirisha la gari. Asimame anunue, mtoto ashuke, apatane bei mwenyewe. Simu ya michezo ibaki kwenye begi mpaka Kitonga iishe. Babu ana mambo ya kumwonyesha pale: wapi malori yalikuwa yanafeli breki, wapi utingo aliruka na kigingi mkononi kwenda kuweka nyuma ya tairi. Hilo la kigingi alitusimulia hapa mara moja, akasimama kabisa akatuonyesha alivyoinama, na kijiwe kizima kilinyamaza. Mjukuu hajawahi kulisikia.

Nguo! Hapa Dar tunasema likizo, tunawaza kaptula. Juni ni kipupwe. Mafinga na Mbeya asubuhi mtu anatoa moshi mdomoni, na upande wa Zambia Juni na Julai ndiyo miezi yao ya baridi. Mtoto apate sweta mbili, soksi, kofia ya kuziba masikio. Usiku kando ya Zambezi apate chandarua, baridi haimfukuzi kila mbu.

Mkivuka Tunduma kuingia Nakonde, saa inarudi nyuma. Kwetu ikiwa saa nne asubuhi, kwao ni saa tatu. Mtoto ashike saa ya babu airudishe mwenyewe, ajifunze kwamba dunia haiendi kwa saa ya Dar. Nakonde Kiswahili bado kinasikika. Mbele huko ni Kibemba, na mtoto akijua kusalimia "Muli shani?" atapokelewa kama mgeni mwenye adabu.

Sasa lipo jambo moja ambalo ningekuwa mimi nisingeliacha. Kabla ya kuondoka, Jumamosi moja, mzee ampeleke mtoto Bagamoyo, si mbali. Pale misheni ya Wakatoliki upo mnara ulipowekwa mwili wa David Livingstone, Februari 1874. Alikufa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, ndani ya Zambia ya leo. Waliomleta ni Waafrika: Susi, Chuma, Jacob Wainwright na wenzao. Moyo wake waliuzika kulekule chini ya mti, mwili wakaukausha, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu kwa miezi kadhaa mpaka pwani, na njiani wengine wakafa. Kila mtu anajua jina la aliyebebwa. Mji umepewa jina lake. Waliobeba je? Mtoto akishasimama Bagamoyo, halafu akapita barabara ya kaskazini ya Zambia, akaambiwa kule ndani porini upande wa Serenje ndiko walikoanzia kutembea, atatazama dirishani akiwa na swali la maana kuliko "tunafika lini?"

Na maporomoko yenyewe wanayoyafuata Livingstone, yale ya Victoria, wenyeji wanayaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma. Upana wake ni kama kilomita 1.7, urefu wa kuanguka zaidi ya mita 100. Anayemwambia mzee asubiri Oktoba ili kuwe na joto anampoteza, kwa sababu Oktoba upande wa Zambia maji hupungua sana, sehemu nyingine unaona mwamba mtupu. Aprili nayo maji ni mengi mno, mvuke unaziba huoni kitu. Juni mwishoni na Julai ndiyo wakati wake. Koti la mvua kwa mtoto, viatu visivyoteleza, na mkono wake usiachwe hata dakika moja kwenye zile njia za ukingoni. Wakitaka kuvuka lile daraja la 1905 kwenda kutazama kwa upande wa Zimbabwe, wajue huo ni mpaka mwingine, mihuri mingine, na barua ya wazazi iwe imeitaja Zimbabwe kwa jina. Barua iliyoandikwa "Zambia" peke yake inaishia Zambia.

Warudi wakiwa na siku za akiba kabla shule hazijafunguliwa, maana foleni ya malori Tunduma haina habari na mtihani wa mtoto.

Mpwa ameshakubali kuendesha, nimemuuliza mwenyewe. Gari limeshaingia gereji. Barua ya ridhaa ndiyo bado. Mama wa mtoto yuko zamu ya usiku wiki hii, baba mtu yuko Mwanza kikazi. Apigiwe leo, mzee, aende kwa wakili hukohuko Mwanza akasaini, karatasi ije na basi.