Kilo 16 za Mchanga

Mwanamieleka wa Magarini anayesononeka kwa kukosa ketobeli ameponzwa na picha tu. Chuma hicho cha mviringo, kinachofanana na birika lililokatwa mdomo, hakikuzaliwa jimu. Wafanyabiashara wa Urusi walikitumia kupimia nafaka sokoni, na kipimo chao cha pudi moja ni kilo 16 na ushei. Kumbe kinachotakiwa ni uzito wenye mkono, na kitu hicho hakijawahi kuadimika kutoka Gongoni hadi Marereni. Mtungi wa lita 10 ukijazwa mchanga mkavu unakaribia kilo hizo hizo, na mchanga Mambrui haujapata kuwa haba. Ubishi unaokuja kwanza ni wa muda: dereva wa boda atafanya mazoezi saa ngapi? Lakini pambano la mieleka ya kimataifa ni vipindi 2 vya dakika 3, katikati mkipumua sekunde 30. Hakuna anayekutuma ukimbie hadi Malindi. Unatakiwa uwe na nyonga zinazofyatuka, mgongo usiolegea na vidole visivyoachia kifundo cha mtu aliyeloa jasho. Kupembeza uzito katikati ya miguu na kuurusha mbele kwa nguvu za nyonga kunavifanyia kazi vyote kwa mpigo. Piga sekunde 30, pumzika 30. Ikifika dakika ya 12 umemaliza, na abiria bado anatafuta chenji.

Wenye jimu watasema mtungi ni hatari, na hapo, kusema kweli, wana haki. Uzito unaopembezwa huvuta kuliko uliotulia, na mkono wa plastiki uliopigwa jua la pwani mwaka mzima hauna subira. Ukikatikia mbele, mtungi unaamkia kwa jirani. Ukikatikia nyuma, kuku ndio watakaotoa ushahidi. Kwa hiyo mtungi ubaki wa kubeba, kuchuchumaa nao na kuupandisha begani. Wa kupembeza uwe mchanga uliotiwa ndani ya magunia mawili na kufungwa kamba ya katani. Wengine watapendekeza maji badala ya mchanga. Hayo nayo yana faida yake: mtungi ulio nusu hukuyumbisha ovyo, na mpinzani naye hasimami akusubiri. Tatizo ni kifuniko. Mitungi mingi ilishapoteza vyake zamani, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017 hata cha kuzibia kimekuwa gunzi la mahindi. Ukiupandisha begani, gunzi linatoka na unaoga kabla hujatoa jasho.

Pingamizi zito ni hili: kama mizigo hujenga, mbona wabeba magunia wa mashamba ya chumvi, na akina mama wa Marafa wenye lita 20 kichwani, si mabingwa? Kwanza, nani aliwahi kuwaita ulingoni? Pili, kubeba kutwa huufundisha mwili kubana nguvu zisiishe kabla ya jioni, ilhali zoezi huzimwaga zote kwa dakika chache, kisha misuli ikapewa siku ya kujijenga. Mara 3 kwa wiki zinatosha. Aliyetoka zamu ya chumvi akiwa hoi auache mtungi kabisa. Zoezi lake usiku huo ni kulala, na hata hilo wapo watakaoliharibu kwa simu.